Eliya Chini ya Mretemu

Neno la Jumapili ya akina mama. Somo: 1 Wafalme 18:36 hadi 19:18

Mchungaji aliponiambia nichukue madhabahu Jumapili ya akina mama, nilikataa mara mbili. Mara ya kwanza nilikataa kwa upole. Mara ya pili nilikataa kwa sauti ambayo majirani zetu hapa Runyenjes wanaijua vizuri. Mara ya tatu sikukataa, kwa sababu nilikuwa nimeshasoma sura hii usiku na ikanishika. Yaliyochapwa hapa ni yale niliyosema, na machache ambayo saa haikuniruhusu.

Sisi tunapenda sana sura ya 18. Moto unashuka Karmeli, watu wanaanguka kifudifudi, wingu dogo linatokea baharini, mvua inanyesha, na Eliya anakimbia mbele ya gari la Ahabu mpaka Yezreeli. Nimehubiriwa sura hiyo tangu nikiwa Sunday school. Sura ya 19 tunaipita haraka, kama matatu inavyopita kijiji kisicho na steji.

Lakini hebu pima umbali uliopo kati ya sura hizo mbili. Ni ujumbe mmoja. Yezebeli anatuma mtu na maneno ya vitisho, basi. Na yule mwanaume aliyesimama peke yake mbele ya manabii 450 wa Baali anakimbia mpaka Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake huko, anatembea siku nzima nyikani, anaketi chini ya mretemu na kumwambia Mungu kwamba amechoka, aondolewe uhai. Jana alikuwa anaita moto. Leo anaita kifo.

Wapendwa, mimi ninaishi kati ya sura hizo mbili. Sisemi kwamba Eliya alikuwa na ugonjwa nilio nao. Hilo silijui, na Biblia haisemi. Nasema ninaitambua ile safari yake. Naweza kuwa Karmeli saa nne asubuhi, nikiimba nikifua nguo, na saa sita niko chini ya mretemu, na kilichotokea katikati ni kwamba dada mmoja alinipita sokoni bila kunisalimia. Labda hakuniona. Lakini moyo wangu haungoji habari za labda.

Wacha niwaambie habari ya Nkubu. Wengine wenu mliisikia, na mliisikia ikiwa imeongezwa chumvi, kwa hiyo afadhali muisikie kwangu.

Miaka kadhaa iliyopita Mchungaji alienda Nkubu kwa kamati ya mazishi ya rafiki yake. Alisema atanipigia akifika. Saa nane hakupiga. Nikapiga mimi, mteja hapatikani. Nikapiga tena. Mtu mwingine angesema simu imezima chaji, akaendelea kuchambua maharagwe. Mimi kilichoniingia si wazo, ni kama maji ya mto yamefungua mlango. Ameniacha. Hatarudi. Hajawahi kunipenda, na mimi ni takataka, na kila mtu alikuwa anajua isipokuwa mimi. Haya yote kwa muda wa kuchemsha chai. Nikaacha sufuria kwenye jiko, watoto nikawaacha kwa jirani, nikapanda matatu.

Tulivuka Thuci, tukapita Chuka, na njia nzima nilikuwa napiga simu. Tulipokaribia mteremko wa Nithi dereva akateremsha gia mapema sana, hata daraja hatujaliona. Kijana mmoja nyuma akalalamika kwamba barabara iko wazi na tunatambaa. Dereva akamjibu bila kugeuka: hapa breki unashika ukiwa bado juu, ukingoja mpaka chini utashika nini? Sikumjali. Nilikuwa na simu ya ishirini na tatu.

Nilimkuta Mchungaji ameketi na wazee kwenye hema. Simu yake ilikuwa imezima tangu mchana na stima ilikuwa imepotea kijiji kizima. Nikamwambia mbele ya wazee, mbele ya mjane mwenyewe, kwamba ni mwongo, ni mnafiki, na madhabahu anayosimamia ni ya uongo. Huyo ndiye mtu ambaye asubuhi yake nilikuwa nimewaambia watoto kwamba hakuna baba kama yeye Embu nzima. Sikuwa naigiza asubuhi, na jioni pia sikuwa naigiza. Hapo ndipo watu hushindwa kutuelewa.

Wazee waliangalia chini. Aliyeinuka ni yule mjane. Alikuwa amezika mtoto mwaka uliotangulia na sasa alikuwa anazika mume, na yeye ndiye aliyeinuka, akaniletea kikombe cha chai na viazi vitamu kwenye sahani, akaniambia, “Mama, kunywa kwanza.” Hakuniuliza kitu.

Sasa rudini kwa Eliya. Amesema maneno ambayo mtumishi wa Mungu hapaswi kusema. Mungu anamjibuje? Hamkemei. Hamkumbushi Karmeli. Hamwambii kwamba nabii aliyejazwa Roho hawezi kuongea hivyo. Anamwacha alale. Halafu malaika anamgusa, na kichwani pake kuna mkate uliookwa juu ya makaa na mtungi wa maji. Eliya anakula, anakunywa, analala tena. Malaika anakuja mara ya pili na chakula tena, kwa sababu safari ni ndefu. Mahubiri hayajaanza bado! Mungu wa majeshi, kabla ya kusema neno moja na mtumishi wake aliyechoka kuishi, amempikia mara mbili na kumlaza mara mbili.

Mimi sikupata mkate kwanza, isipokuwa ule wa Nkubu. Baada ya siku ile aibu ilinimaliza. Wenye ugonjwa huu wanajua kwamba hasira ni nusu tu, nusu nyingine ni aibu inayokuja hasira ikishaondoka, na hiyo aibu ndiyo inayotaka kuua mtu. Kuna miaka nilijiumiza mwili kwa siri ili maumivu ya ndani yanyamaze kidogo. Ndiyo, nikiwa nimeokoka. Ndiyo, nikiwa mama mchungaji. Mlikuwa mnanishika mkono hapo mlangoni na mikono ya gauni ilikuwa mirefu.

Niliombewa. Kesha tatu, mahali patatu tofauti. Pahali pamoja niliambiwa ni roho ya hasira, pengine roho ya Yezebeli, na nilifunga siku saba. Sitawataja, maana waliniombea kwa upendo na wengine walilia pamoja nami. Na ninataka mnisikie vizuri, msije mkasema mama mchungaji ameacha imani kwa mambo ya ukombozi. Naamini Yesu anatoa pepo. Nimeona. Lakini nilianguka Ijumaa, nikainuka nikiwa na amani, na Jumatano mtu hakujibu ujumbe wangu wa simu na mto ukafungua mlango uleule. Na sasa nilikuwa na mzigo wa pili: kwamba Mungu ameniponya na mimi nimeukataa uponyaji. Hicho ndicho kitu karibu kinitoe duniani. Ugonjwa peke yake nilikuwa nimeuzoea.

Aliyenipeleka hospitali kuu ya Embu ni shosho wangu, ambaye hajasoma. Alisema mtu akivunjika mguu tunamwombea tukiwa ndani ya gari ya kumpeleka. Kliniki ya akili niliingia nikiwa nimejifunika leso mpaka machoni, nisije nikaonana na mshirika. Nilionana na washirika wawili. Walikuwa wamejifunika pia.

Daktari hakuniuliza juu ya Nkubu. Aliniuliza nililelewa na nani. Nikamwambia nilipokuwa na miaka sita mama aliniacha kwa shangazi akisema anarudi Jumamosi, na sikumbuki ilikuwa Jumamosi ya mwaka gani nilipoacha kusimama barabarani. Akaniuliza kama hasira yangu huja ghafla, kama huchukua muda mrefu kushuka, kama watu kwangu ni malaika leo na shetani kesho, kama ndani kuna utupu usiojaa hata nikiwa nimeshiba na nimependwa. Nililia, maana hakuna mtu alikuwa amenieleza mimi kwa mimi.

Ugonjwa wenyewe wanauita bodalaini, yaani wa mpakani. Jina lilitokea mwaka wa 1938 kwa daktari mmoja wa New York, Adolph Stern, aliyeona kwamba wagonjwa wa namna hii wako mpakani, hawaingii vizuri katika fungu moja la magonjwa ya akili wala lingine. Jina si zuri sana, lakini mimi limenifaa, kwa kuwa huko mpakani ndiko ninakoishi. Wengi tulio nao tulizaliwa na moyo mwepesi kushika moto, na wengi, si wote, tuliumizwa au tuliachwa tukiwa wadogo. Hakuna tembe iliyotengenezwa mahsusi kwa ugonjwa huu. Mimi nilipewa dawa ya huzuni iliyokuwa imeandamana nao, lakini matibabu yenyewe ni ya kuongea na kujifunza, wiki kwa wiki, kama darasa la ubatizo lisiloisha. Na habari njema ambayo sikuwahi kuambiwa kwenye kesha lolote ni kwamba watu wengi wenye ugonjwa huu hupata nafuu kubwa miaka inavyoenda.

Aliyetunga matibabu hayo ni mwanamke, Marsha Linehan wa Marekani. Mwaka wa 1961, akiwa na miaka 17, alilazwa hospitali ya akili huko Hartford na akakaa humo zaidi ya miaka miwili. Alikuwa anajiumiza vibaya mpaka wakamtenga chumba cha peke yake. Mwaka wa 1967 alikuwa amepiga magoti kwenye kanisa dogo la Wakatoliki huko Chicago, na akaona mahali pale pamejaa nuru, akajua kwamba anapendwa. Sisi Wapentekoste tungeishia hapo, tupige makofi. Lakini yeye mwenyewe amesimulia kwamba baada ya kama mwaka mmoja yale maumivu yalirudi, uchumba wake ulipovunjika. Yalirudi, wapendwa. Tofauti ni kwamba safari hii aliweza kuyapitia bila kujiumiza. Akasoma, akawa profesa kule Seattle, na mwaka wa 1993 akachapisha kitabu ambacho waganga wa akili wanakitumia mpaka leo. Ilipofika 2011 alirudi Hartford, hospitali ileile, akasimama mbele ya watu na kusema kwamba yule msichana alikuwa yeye.

Niliposikia habari hiyo nilielewa kitu kuhusu makesha yangu. Inawezekana Mungu alinigusa kweli, na inawezekana Jumatano bado ilikuwa lazima ije.

Sasa nitasema ninachofanya Jumatano ikija, maana dada mmoja aliniuliza baada ya ibada ya kwanza: sawa mama, lakini ukiwa umeshika sufuria na unataka kuirusha, unafanyaje?

Kwanza nilijifunza kujua Nithi yangu iko wapi. Sote tunalijua daraja hilo. Julai 2022 basi lililotoka Meru lilitumbukia pale na watu zaidi ya 30 wakafa. Mteremko hauna huruma na aliyechelewa. Kwangu mteremko unaanzia juu kabisa, mahali ambapo bado naonekana mzima: nimelala saa chache, sijala tangu asubuhi, kidevu kimekaza, na nimeanza kusema moyoni neno “kila siku” na neno “hakuna mtu”. Nikisikia maneno hayo mawili najua nimefika pale ambapo dereva yule aliteremsha gia. Hapo ndipo ninakula. Sicheki. Wengi wetu tunaita mashambulizi ya adui kitu ambacho ni njaa na usingizi, na malaika wa Eliya alilijua hilo kabla ya daktari.

Nikiwa nimeshaanza kuteremka, maombi marefu hayashiki, nimejaribu. Naenda nyuma ya nyumba, nainamisha uso ndani ya karai la maji baridi, nazuia pumzi kidogo, halafu tena. Maji yetu haya yanayotoka mlimani hayahitaji friji. Uso ukipata baridi namna hiyo mapigo ya moyo hupungua, mwili umeumbwa hivyo. Mwenye ugonjwa wa moyo amwulize daktari wake kwanza. Kisha simu namkabidhi mtoto wangu mkubwa, na yeye anajua asinirudishie mpaka nusu saa iishe, hata nikimpa amri ya mzazi. Nusu saa hiyo sijibu mtu, siandiki ujumbe, sihami nyumba, simwambii Mchungaji tuachane. Nikishaweza, naomba maombi mafupi. Nasema, Bwana, hii ni hofu. Nalitaja jina lake. Kwa miaka mingi nilikuwa naiita hasira, na ilikuwa hofu.

Halafu kuna hesabu. Angalieni Eliya pale pangoni Horebu. Anamwambia Mungu kwamba amebaki peke yake. Upepo unapita, tetemeko linapita, moto unapita, inakuja ile sauti ndogo ya utulivu, anaulizwa tena, na anajibu maneno yaleyale: nimebaki peke yangu. Hata baada ya kumsikia Mungu, hisia haijabadilika! Mungu hamgombezi kwa kurudia. Anampa kazi ya kufanya, watu watatu wa kuwatia mafuta, kisha anampa hesabu: wamebaki 7,000. Moyo wa Eliya ulisema mmoja. Mungu alisema elfu saba. Mimi nina daftari la shule la kurasa 32. Upande mmoja naandika moyo unasema nini: ameniacha. Upande wa pili naandika kile ambacho hata mgeni angekiona: simu imezimwa, alienda mazishini, nguo zake ziko kabatini. Siku nyingine moyo unashinda hata hivyo. Lakini kuandika kunakula nusu saa.

Nina neno kwa ninyi mnaoishi na mtu kama mimi, na nitalisema haraka. Ukisema utapiga saa kumi, piga saa kumi, au usiseme. Msibishane naye akiwa mtoni. Msimwambie anatafuta kuonekana. Na msikubali kupigwa wala kutukanwa kwa jina la ugonjwa. Mchungaji alijifunza kuniambia, “Nitatoka nje, nitarudi saa mbili,” na saa mbili akawa mlangoni. Hiyo ya kurudi ndiyo ilikuwa dawa. Mimi nilikuwa sijawahi kuona mtu aliyesema Jumamosi akaja Jumamosi.

Na mtu akikuambia anataka kufa, kaa naye, usimwache, usimfiche. Zamani watu waliogopa kwenda hospitali kwa sababu kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Mpeleke hospitali kuu ya Embu, au ile ya Meru mkiwa upande huo, na usiku kama hamna gari pigeni 1199, simu ya bure ya Msalaba Mwekundu. Mwombeeni mkiwa njiani.

Nilirudi Nkubu mwaka jana. Ilinichukua miaka hiyo yote. Nilimpelekea mjane unga, sukari na leso, nikamwomba msamaha kwa kuharibu matanga yake. Alisema hakumbuki nilisema nini, anakumbuka kwamba viazi vilikuwa vimebaki viwili na nilikula vyote. Tukacheka mpaka mjukuu wake akatoka nje kuangalia.

Jumatano kuanzia saa kumi nitakuwa kwenye chumba cha Sunday school, kila Jumatano mpaka Desemba. Si kesha na sitamwekea mtu mikono asipoomba. Kutakuwa na chai, na mkate pia. Mwenye kuja na leso ya kujifunika, aje nayo.